Kwenye boti, kata kwanza bima ya mshahara wako

Kila ikifika Mei, maziwa ya huku Minnesota yakishayeyuka barafu, naanza kupigiwa simu za aina moja. Mtu kaona boti ya mtumba, yeye na wenzake wameshachanga, wanataka kujua wakate bima gani. Na mara nyingi swali linakuja hivi: "Boti yenyewe ya dola elfu kumi na nne tu, bima kubwa ya nini?"

Ndugu zangu, hapo ndipo tunapokosea wote, na mimi mhasibu nilikosea kuliko wengine. Tunaangalia bei ya boti. Boti ikizama leo umepoteza dola 14,000. Inauma, lakini hasara hiyo ina mwisho na unaujua. Kinachoweza kukufilisi ni mtu aliyekaa ndani ya boti, au anayeogelea pembeni yake. Hasara yake haina bei iliyoandikwa popote, na ikikufikia itakatwa kwenye mshahara ule ule unaomtumia mama kila mwisho wa mwezi.

Niwaeleze yaliyotukuta. Tulikuwa watano, tukanunua boti ya aina ya pantoni. Siyo pantoni la Kigamboni, hizi ni ndogo, zina viti na turubai juu, zinaelea kwenye mapipa mawili marefu ya alumini. Injini ya nguvu farasi 90. Hati ya umiliki tukaandika jina la mmoja wetu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na sehemu ya kuegesha tela. Mimi nikapewa kazi ya bima. Nikafanya kama tunavyofanya wengi: nikaweka bei tatu kwenye karatasi, nikachagua ya chini. Ilikuwa inalipa boti ikiharibika, na ilikuwa na kinga ya madai ya watu wengine ya dola 25,000. Nikaona inatosha.

Kiangazi cha pili tulikuwa na wageni. Wakati wa kurudi, boti inakaribia gati, mwenzetu aliyekuwa kwenye usukani hakuzima injini mapema. Shemeji yetu mmoja akatanguliza mguu ashuke, boti ikasogea, mguu ukabanwa kati ya boti na mbao za gati. Kifundo kilivunjika sehemu mbili. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa vyuma, akakaa miezi miwili bila kazi.

Shemeji hakutaka kesi. "Sisi ni ndugu, yameshatokea," alisema, na alimaanisha. Tukachanga kidogo kumsaidia kodi ya nyumba, tukadhani yameisha. Baada ya miezi minne ikaja barua kwa yule mwenzetu mwenye jina kwenye hati. Haikutoka kwa shemeji, ilitoka upande wa bima yake ya afya. Walikuwa wameilipa hospitali dola 41,000 na sasa wanataka aliyesababisha ajali awarudishie.

Hili wengi wetu hatulijui. Bima ya afya ikishalipa, mara nyingi mkataba unaipa haki ya kuchukua nafasi ya mgonjwa na kumdai aliyemuumiza. Haijali kama mgonjwa ni ndugu yako, wala haimuulizi kama amekusamehe. Kwa hiyo ule msemo wetu wa "kati yetu hatushitakiani" unaweza kuwa wa kweli kabisa na usikusaidie hata kidogo.

Bima yetu ya boti ikalipa dola 25,000, kikomo chake. Zikabaki 16,000. Baada ya kuvutana zikashuka hadi 9,000. Watatu tulitoa mchango wetu. Wa nne alikuwa ameshahamia jimbo lingine, simu hapokei. Mwenye jina kwenye hati ndiye aliyebeba sehemu kubwa, kwa mafungu, miezi kumi na minne. Miezi hiyo alipunguza hela ya nyumbani kwa nusu, na mdogo wake aliyekuwa chuo akaahirisha mwaka. Nilimwomba radhi na akanisamehe, lakini nikikutana na mdogo wake huwa sijui niseme nini.

Baadaye nilimuuliza wakala: kutoka kikomo cha 25,000 kwenda 300,000 tungeongeza kiasi gani? Dola 58 kwa mwaka. Ukigawa kwa watu watano, haifiki dola moja kwa mwezi kila mmoja.

Kuna watu watasema, "Mimi sina nyumba wala akiba, watanichukulia nini?" Watachukua mshahara. Mtu akishinda kesi ya madai dhidi yako na usilipe, sheria ya shirikisho hapa Marekani inaruhusu kukatwa hadi asilimia 25 ya kinachobaki baada ya makato ya lazima kama kodi. Baadhi ya majimbo yameweka kiwango cha chini zaidi, lakini hata asilimia 10 ya mshahara wa mtu anayetuma hela nyumbani ni ada ya mtoto wa mtu. Ndiyo maana nasema mwenye kipato kidogo anaihitaji kinga hii kuliko mwenye kipato kikubwa.

Wengine hutegemea sheria: "Hapa hawalazimishi." Ni kweli, Minnesota hailazimishi bima ya boti, na majimbo mengi yako hivyo. Arkansas na Utah zinalazimisha kwa boti zenye injini zaidi ya nguvu farasi 50. Walioko Uingereza wanajua kwamba huwezi kupata leseni ya kuweka boti kwenye mifereji ya Canal & River Trust bila angalau bima ya mtu wa tatu. Lakini kutolazimishwa hakufuti deni. Kunamaanisha tu kwamba likitokea utalilipa mwenyewe.

Na usitegemee bima ya nyumba. Mikataba mingi ya kawaida ya bima ya nyumba hapa Marekani ina kikomo cha dola 1,500 kwa boti, vifaa vyake na tela kwa pamoja. Ikiibiwa ukiwa umeiacha ziwani, mara nyingi hawalipi. Na injini ikiwa kubwa, madai ya watu walioumia wanayakataa kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kununua bima hii kinyume na inavyouzwa. Wakala ataanza na boti: thamani yake, wizi, dhoruba. Wewe anza na watu.

Kwanza, madai ya watu wengine. Mimi sishuki chini ya 300,000, na kama bajeti inaruhusu chukua 500,000. Uliza swali hili na ujibiwe kwa maandishi: abiria wangu wamo? Anayevutwa nyuma kwa kamba kwenye boya yumo? Kuna mikataba inayowaacha nje hao wa kuvutwa.

Pili, kuondoa boti iliyozama na kusafisha mafuta yaliyomwagika. Vyote viwili ni juu ya mwenye boti, na gharama yake inaweza kupita bei ya boti yenyewe. Angalia kama fedha hiyo ni ya peke yake au inakatwa kwenye thamani ya boti. Ikikatwa, utajikuta umelipia kuiopoa na hela ya kununua nyingine hakuna.

Tatu, matibabu ya abiria. Hii inalipa bila kutafuta nani mwenye kosa. Yetu ilikuwa dola 1,000, ambayo hospitali za huku haifiki hata mlangoni. Elfu tano ni mwanzo mzuri. Ongeza na kinga ya kugongwa na mwenye boti asiye na bima, maana wapo wengi.

Mwisho ndiyo boti. Hapa kuna mikataba ya aina mbili. Mmoja mnakubaliana thamani siku ya kusaini, na boti ikipotea yote unalipwa hiyo hiyo. Mwingine unalipwa bei ya soko ya siku ya ajali, baada ya kutoa uchakavu. Wa pili ni rahisi, lakini boti ya 14,000 baada ya miaka mitano inaweza kuhesabiwa 8,000. Jiulize: boti hii ikipotea kesho, hela ya nyumbani itatetereka? Kama hapana, na huna mkopo juu yake, kubali kubeba mwenyewe dola 1,000 au 2,000 za kwanza za kila hasara, au hata iache bila bima ya uharibifu. Kile unachookoa kipeleke kwenye madai ya watu. Kama umekopa, benki itakulazimisha uiwekee bima, hapo huna ujanja.

Halafu kuna mambo matatu yanayotuumiza sisi hasa.

Moja ni kumiliki kikundi. Hati ina jina moja lakini wanaoendesha ni watano. Waambie kampuni ukweli wote: wamiliki wote, waendeshaji wote. Andikianeni pia karatasi ya nani atalipa nini likitokea la kutokea. Sisi hatukuandika.

La pili ni kuchangisha. Birthday ya mtoto, mnapanda watu ishirini, kila mmoja anatuma dola 30. Wageni kuchangia petroli kwa hiari yao ni jambo moja. Kutoza nauli kama sharti la kupanda ni biashara, na bima ya starehe hailipi ajali ya biashara. Hapo pia unaweza kuingia kwenye sheria za leseni ya nahodha.

La tatu ni baridi. Maji yakiganda ndani ya injini yanapasua chuma, na mikataba mingi hailipi hilo. Mwenye kulipa atakuuliza risiti ya fundi aliyeiandaa kwa majira ya baridi. Itunze. Uliza pia punguzo la miezi ambayo boti imelala nchi kavu, na punguzo la waliosoma kozi ya usalama wa boti. Soma kozi hata bila punguzo. Mwenzetu angejua kuzima injini mapema, nisingeandika haya.

Boti sijaiacha. Bado naipenda Jumapili ya ziwani, nyama inachomwa, watoto wana majaketi yao ya kuokolea. Ila sasa, kila Aprili kabla ya kuiteremsha majini, nafungua mkataba na kutafuta namba moja tu: kikomo cha madai ya watu wengine. Na wewe kautoe wako leo. Ukikuta hiyo namba ni ndogo kuliko bili moja ya upasuaji, mpigie wakala kabla hujapakia mgeni mwingine.