Tuzisome Hati za Bima

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, Kilwa. Funzo lake lisisahauliwe. Bima ndogo, ambayo sheria humlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, humfidia aliyegongwa. Gari la mwenye bima likisombwa na maji, hapati hata senti. Bima ya nyumba dhidi ya moto nayo si bima ya mafuriko, ila hati iseme hivyo. Wala hakuna kati ya hizo iihusuyo mashua, ambayo ndiyo riziki ya mkazi wa Songo Songo. Twawasihi wananchi waulize kabla ya kutia saini. Viongozi nao, pamoja na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wayafikishe maelezo haya visiwani kwa Kiswahili chepesi. Majuto ni mjukuu.