Mikono Mingi, Mlango Mmoja

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema kwamba vidole mia vitamvunja upesi mara mia. Tofauti hiyo ndiyo tunayopenda kuwakumbusha viongozi wetu, wakati huu ambapo ofisi za umma, Bara na Visiwani, zinategemea kompyuta ili kazi ziende upesi.

Kompyuta za leo huigawa kazi moja kwa vichakataji vingi, yaani bongo za mashine, vikafanya kwa pamoja. Mwaka 1967 mtaalamu wa Kimarekani, Gene Amdahl, alieleza mpaka wa utaratibu huo. Ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, vichakataji 10 vitaiharakisha mara 5 na kidogo tu. Hata 100 havifikishi mara 10. Kasi imeongezeka, lakini vingi vyakaa vikingoja huku umeme ukiliwa.

Jambo hili si geni kwa mkulima wa Chilangala, kule Newala. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yalipelekwa kuzibeba. Malori mengi huweza kubeba kwa wakati mmoja. Lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima, na hapo ndipo wengi walipokaa kungoja. Malori zaidi yasingaliufupisha uhakiki huo. Ndugu zetu wa Visiwani nao wajua: penye mizani moja ya karafuu, wapagazi zaidi huirefusha foleni tu.

Hatupingi kasi. Mkulima anayengoja fedha zake ana watoto wa kusomesha na shamba la kupalilia. Wala hatusemi uhakiki ufutwe, kwani kufanya hivyo ni kuwakaribisha wezi. Tunasema ufanywe kabla ya msimu, si baada ya mkulima kukabidhi mali yake.

Kwa hiyo, kila ofisi kabla ya kuagiza mashine zaidi haina budi kujiuliza: kazi yetu inakwama wapi? Ikiwa inakwama kwenye meza moja na sahihi moja, meza hiyo ndiyo itengenezwe kwanza. Fedha za wananchi zisinunue mikono ya kukaa mlangoni ikisubiri zamu.