Kiporo Kisidharauliwe

Kuna dharau moja iliyoota mizizi katika nyumba nyingi za watumishi wa mijini, nayo ni dharau ya kiporo. Mtoto akipewa wali wa jana hununa. Baba akiwekewa maharage ya jana huuliza kama nyumba imeishiwa. Mama naye, kwa kuepuka maneno, hukimwaga chakula usiku huohuo majirani wasione. Kukicha, fedha ambazo zingetosha mboga ya siku mbili hutumwa dukani kununua maandazi na mkate, na mwezi ufikapo tarehe 15 lawama zote hurudishwa kwenye mshahara.

Haifai kudanganyana. Mishahara ya watumishi na walimu wengi haitoshi, na bei ya mchele, maharage na mafuta haimsubiri mtu apandishwe cheo. Lakini ni kweli pia kwamba sehemu ya mshahara huohuo mdogo hutupwa jalalani ikiwa imekwisha kupikwa, imekwisha kulipiwa mkaa au gesi, na imekwisha kutiwa chumvi, kitunguu na mafuta. Anayemwaga sahani ya wali hamwagi mchele peke yake. Anamwaga pia moto ulioupika, na saa nzima ya mtu aliyekaa jikoni.

Dharau hiyo ni ngeni. Katika Upare, chungu cha makande hakikuwekwa motoni kwa ajili ya mlo mmoja. Kilipikwa kwa kujua kwamba kesho kitachemshwa tena, na wapo wanaoapa kwamba makande ya siku ya pili ndiyo makande. Usukumani viazi vitamu vilivyozidi wakati wa mavuno vilikatwa na kuanikwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza na kuanikwa vikawa matobolwa, na majani ya kunde yakakaushwa yawe mboga ya kiangazi. Pwani wali uliolala ulipashwa ukaliwa kwa chai, au ukasagwa pamoja na mchele uliolowekwa ukawa vitumbua. Ugali uliobaki ulikatwa vipande ukachomwa juu ya makaa. Wazee hawakuyaita mambo hayo mpango wa mlo, wala hawakuyaandikia semina.

Taifa nalo limewahi kulichukua suala la chakula cha nyumbani kwa uzito unaostahili. Baada ya ukame wa mwaka 1973 na 1974, nchi ilipolazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje, ilifanyika mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai, ambapo wananchi mijini na vijijini walikaa katika vikundi wakasikiliza redio na kujadiliana juu ya wanachokula. Miaka miwili kabla yake ilikuwa imeundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Walimu na makarani waliokuwa kazini mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, na wanaukumbuka unga wa njano uliobandikwa jina la Yanga. Katika miaka ile haikuwa rahisi kuona ugali umetupwa. Inashangaza jinsi kizazi kimoja kilivyotosha kuyasahau hayo yote.

Wala ugonjwa huu si wa nchi moja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, na kwamba asilimia 60 ya chakula hicho kilitupwa na nyumba za watu. Mahoteli na maduka, ambayo ndiyo hulaumiwa kwanza, yalifuata nyuma.

Hapa nchini jambo hili lina uzito wa pekee. Udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, ukawa asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, na asilimia 30 mwaka 2022. Ni maendeleo. Lakini mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni ghala la mahindi, ndiyo iliyoonekana mwaka 2022 kuwa na hali mbaya kuliko mingine, kiasi cha nusu ya watoto au zaidi wakiwa wamedumaa. Bila shaka sababu ni nyingi, zikiwamo maradhi, maji machafu na kazi nyingi za akina mama. Hata hivyo jambo moja liko wazi: tumbo kushiba na mwili kulishwa ni mambo mawili mbalimbali.

Na hapo ndipo kubana matumizi kunapokosewa na watu waliosoma. Fedha ikipungua, kinachoondolewa kwanza mezani ni maharage, dagaa na matunda. Soda ya mgeni na sukari ya vijiko vitatu katika kikombe hubaki. Unga wa sembe hununuliwa kwa sababu ya weupe wake, ingawa weupe huo umepatikana kwa kuondoa ganda na kiini cha punje, mahali palipo na sehemu kubwa ya vitamini na mafuta. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga, ambayo huweza kuota hata nyuma ya nyumba ya serikali, huitwa mboga za masikini. Kubana matumizi kwa namna hiyo ni kuhamisha deni kutoka kwenye mfuko wa baba kwenda kwenye mifupa ya mtoto.

Jambo linalotakiwa ni kukaa na kupanga. Jumamosi moja, kabla mtu hajakwenda sokoni, daftari la mtoto la zamani litoshe kuandika milo ya siku saba, na kila mlo uandikwe kwa kuangalia mlo utakaoufuata. Chukua maharage. Kilo moja ikilowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa, hutumia moto mdogo kuliko kilo hiyohiyo iliyotiwa kavu chunguni, na ikiiva huwa zaidi ya kilo mbili. Siku ya kwanza yaliwe kwa ugali na mchicha. Siku ya pili yaungwe kwa nazi, yaliwe kwa wali. Yaliyosalia yachanganywe na mahindi yaliyokobolewa yawe makande. Moto mkubwa wa kuchemsha maharage umewashwa mara moja tu, na nyumba imekula siku tatu bila mtu kulalamika kwamba chakula ni kilekile.

Lakini mpishi mwenye akili hayaungi maharage yote kwa tui siku ya kwanza. Hutenga kwanza yale ya kesho yakiwa yamechemshwa kwa chumvi tu, kwa maana nazi huchacha upesi na huondoka na chungu kizima. Mambo madogo ya aina hii hayamo katika hotuba, nayo ndiyo yanayotofautisha nyumba yenye kiporo na nyumba yenye uvundo. Kadhalika chungu kilichokwisha kuchemka barabara kwa dakika 10 au zaidi huweza kuondolewa motoni na kufungiwa ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au majani makavu, kikaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mtungi wa gesi una bei yake, na kikapu hakina.

Wanaokiogopa kiporo kwa sababu ya afya wasipuuzwe, maana wana hoja. Wahenga walisema akiba haiozi; hawakuwa na wali mawazoni. Wali ulioachwa katika sufuria yenye moto, umefunikwa, katika joto la Dar es Salaam au Tanga, huzaa vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa moto asubuhi. Dawa yake si kumwaga wali. Dawa ni kutenga kinachobaki mapema, mara tu watu wamalizapo kula, kukitandaza kwenye sinia kipoe haraka, kukifunika na kukiweka kwenye jokofu, kukila asubuhi inayofuata na si jioni yake, na kukipasha mara moja tu hadi kitoe mvuke. Mwenye jokofu asiliamini kupita kiasi siku za umeme kukatika. Chakula chenye harufu au utelezi kisionjwe kwa ajili ya kupima.

Hatari kubwa zaidi haiko kwenye kiporo hata kidogo, iko kwenye gunia. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na 20 kati yao wakafariki dunia. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu, na haiishi kwa kupikwa, kukaangwa wala kusagwa. Punje zenye ukungu au rangi isiyo yake, zilizosinyaa au kuvunjika, zichambuliwe kwa mkono na kutupwa kabisa. Asipewe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa. Mtu anayependelea dona, na afadhali apendelee, ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuchambua, kwa sababu dona husagwa na ganda lake. Katika jambo hili ubahili si sifa.

Yako pia ya kusema juu ya manunuzi. Nafaka katika nyanda za juu kusini huwa na bei nafuu baada ya mavuno, katikati ya mwaka, na hupanda kuelekea Januari na Februari, miezi ileile ambayo mzazi anatafuta viatu na madaftari. Mtumishi anunuaye unga kilo moja moja mwaka mzima hulipa bei zote mbili, na juu yake hulipa faida ya kila mkono uliopita katikati. Walimu 10 wa shule moja wakichanga mwezi Julai wakanunua mahindi kwa magunia, wakayakausha vizuri na kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa, hawahitaji mkopo wa mtu. Wasipofanya hivyo, watakuwa wamemnunulia chakula dumuzi, mdudu yule aliyeingia nchini kupitia Tabora na ambaye wakulima, kwa kuona anavyoondoka na shehena, walimpa jina la Scania.

Kuna kisingizio cha mgeni. Nyumba nyingi hupika cha ziada kila jioni kwa ajili ya mtu ambaye huenda asije, na ukarimu huo hauna budi kuheshimiwa. Lakini mgeni huweza kuandaliwa kwa mayai, kwa dagaa wakavu waliomo koponi, kwa unga na kwa majani ya bustanini, vitu vinavyoiva kabla hajamaliza kueleza habari za nyumbani kwake. Si lazima asubiriwe na sufuria ya wali.

Na lazima lisemwe lile ambalo mara nyingi hunyamaziwa. Mazungumzo yote ya kubana matumizi ya jikoni huelekezwa kwa akina mama, kana kwamba wao ndio wanaopanga bajeti ya nyumba. Wapo wakuu wa nyumba wanaoacha mezani fedha ya mboga isiyotosha fungu la matembele, kisha jioni wakakaa baa mbele ya kilo ya nyama choma na chupa kadhaa, wakirudi usiku kuuliza kwa nini maharage ni ya jana. Mtu wa namna hiyo hana haki ya kukataa kiporo. Afadhali daftari lile la milo ya wiki aliandike yeye, kwa mkono wake, na aende sokoni nalo.

Ofisi za umma nazo zijitazame. Katika semina na hafla, chakula huagizwa kwa idadi ya walioalikwa; waliofika huwa wachache, na masinia ya pilau huishia kwenye mapipa nyuma ya ukumbi ambapo mlinzi na mfagizi hawajaonja. Afisa aliyesaini hati ya malipo haulizwi. Ingefaa aulizwe, kama anavyoulizwa juu ya petroli.

Shuleni ndiko kazi hii inakoweza kuanza bila kusubiri waraka. Somo la sayansi kimu liliwafunza vizazi vya wasichana na wavulana kupima, kupika na kutunza chakula, na mwalimu wa leo anaweza kurudisha kiini chake hata ndani ya hesabu za darasa la nne: mchele huu ni vikombe vingapi, walaji ni wangapi, kilichobaki ni kiasi gani. Katika shule zinazopika uji au makande, unga hupimwa mara nyingi kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa, hali siku za mvua na za gulio viti vingi huwa vitupu. Mwalimu wa zamu akipeleka jikoni hesabu ya waliohudhuria saa 2 asubuhi, kabla mpishi hajafungua gunia, na mabaki ya kila siku yakaandikwa ubaoni karibu na stoo kwa wiki nne mfululizo, kamati ya shule itajua kwa hakika ni debe ngapi zinazopikwa bila mlaji, na wazazi wanaochangia mahindi hayo wataweza kuambiwa ukweli katika mkutano wao.