Hazina Isiyo na Mdhamini: Nani Anawajibikia Sanaa ya Nairobi?

Mkazi wa Mutuini anayepanda matatu asubuhi kuelekea mjini hupitishwa mbele ya hazina kubwa bila kujua. Pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway, ubavuni mwa Nyayo House, liko jengo la mawe lililojengwa mwaka 1913. Zamani watu walikwenda humo kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo jengo hilo huitwa Nairobi Gallery, nalo limo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Abiria huyo akishuka na kutembea hadi Moi Avenue, atakutana na jengo lililokuwa benki enzi za ukoloni. Makanga hulitaja kwa jina la Akaivu, yaani Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Katika majengo haya mawili vimegawanywa vinyago, vitambaa, mapambo, stampu na vitabu vilivyokusanywa na mtu mmoja, marehemu Joseph Murumbi, pamoja na mkewe Sheila. Mkusanyaji ni mmoja, lakini wasimamizi ni wawili na kila mmoja ana sheria yake. Na abiria wetu wa Mutuini, ambaye kodi yake huchangia kuyatunza majengo hayo, hana mlango wa kubisha akitaka kuuliza hali ya hazina hiyo.

Kisa cha Murumbi kinafaa kukumbukwa kwa kirefu, kwa maana ndani yake mna kiini cha tatizo zima. Murumbi alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya huru na, kwa miezi michache ya mwaka 1966, Makamu wa Rais. Alipouacha wadhifa huo hakwenda kutafuta kiti kingine cha siasa. Aliingia katika shughuli za biashara, akaendelea kukusanya kazi za sanaa kutoka pembe zote za Afrika, na mwaka 1972 akashirikiana na Alan Donovan kuanzisha duka na ukumbi wa African Heritage jijini Nairobi. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo wake, kwa matarajio kwamba nyumba hiyo ingegeuzwa kuwa taasisi ya taaluma za Kiafrika. Maelfu ya vitabu, vingi vikiwa vimechapishwa kabla ya mwaka 1900, yalikuwa sehemu ya hazina hiyo.

Taasisi haikuzaliwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, hatimaye ikabomolewa na kiwanja kikagawanywa. Murumbi alifariki mwaka 1990 akiwa ameyashuhudia hayo kwa macho yake.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ulafi wa ardhi, na ulafi bila shaka ulikuwapo. Hata hivyo, ulafi hupita palipo na upenyo. Upenyo katika kisa hiki ulikuwa ni kukosekana kwa chombo kilichokabidhiwa mali ile kisheria kikiwa na wajibu wa kuitetea. Serikali ilinunua, ikawa mwenye mali. Mwenye mali akibadili nia, nani wa kumzuia?

Lugha ya Kiswahili imekuwa na neno la jambo hili kwa karne nyingi. Wakazi wa Lamu na Mombasa wanaufahamu wakfu: mtu huitoa nyumba, shamba au kisima, mali hiyo ikafungwa isiuzwe, isirithiwe wala kutolewa zawadi, na akateuliwa msimamizi wa kuhakikisha kwamba manufaa yanawafikia waliokusudiwa. Msimamizi wa wakfu si mwenye wakfu. Tofauti hiyo ndiyo iliyokosekana Muthaiga. Ni kweli kwamba malalamiko juu ya wasimamizi waliokula mali ya wakfu hayakosekani pwani, wala makala haya hayaudai kuwa dawa ya kila ndwele. Lakini anayekula wakfu hujulikana kuwa mwizi, na jina hilo lina uzito mbele ya kadhi na mbele ya majirani. Aliyejigawia kiwanja cha Muthaiga aliweza kukionyesha hati akaitwa mwekezaji.

Sehemu nyingine za sanaa jijini zilisimama kwa nguvu za watu binafsi, nazo zikayumba walipochoka au walipoondoka. Gallery Watatu, iliyoanzishwa mwaka 1968 na wasanii watatu kama jina lake linavyoeleza, iliishi zaidi ya miaka 40 kisha ikafungwa. Paa ya Paa, ambayo Elimo Njau na wenzake waliianzisha mwaka 1965 na kuipa jina linalochezea maana za neno moja kwa namna ambayo kila mwanafunzi wa semantiki angeitamani, iliteketea kwa moto mwaka 1997, na kazi nyingi zikapotelea humo. Donovan, aliyepigania sana mkusanyo wa Murumbi upate makao ya heshima Nairobi Gallery, alifariki Desemba 2021. Hakuna wa kuwalaumu watu hawa. Walifanya zaidi ya sehemu yao. Lawama ni ya mfumo unaosubiri mtu mwema ajitokeze, na akifa, usubiri mwingine.

Dalili ya ombwe hilo ilionekana hata ng'ambo. Katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2013, na tena katika maandalizi ya mwaka 2015, banda lililobeba jina la Kenya lilijazwa kwa sehemu kubwa kazi za wasanii wasio Wakenya, hasa kutoka Uchina na Italia. Wasanii wa Nairobi walipaza sauti, na serikali ikajitenga na banda la mwaka 2015. Swali lililobaki ni jinsi jina la nchi lilivyoweza kubebwa hivyo pasipo taasisi ya sanaa ya kusema mapema: hapana.

Katiba ya mwaka 2010 ilifungua njia ambayo haijatembewa vya kutosha. Jedwali la Nne linaiachia serikali ya kitaifa mambo ya kale na majengo ya kihistoria yenye umuhimu kwa taifa zima, lakini linazikabidhi kaunti maktaba na makumbusho. (Ajabu ni kwamba makumbusho yametajwa katika orodha moja na kamari, mashindano ya mbio na leseni za pombe, mwanafunzi wa uchanganuzi wa matini hakosi la kusema hapo.) Kwa hiyo jumba la sanaa la jiji ni wajibu halali wa Kaunti ya Nairobi, na mwakilishi wa wadi ya Mutuini ana mamlaka ya kuliulizia katika bunge la kaunti sawa na anavyouliza kuhusu barabara na zahanati.

Wapo watakaocheka. Kaunti ambayo imeshindwa kuzoa taka, watasema, itaaminiwaje na michoro? Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Jibu lake linapatikana mitaa michache kutoka Moi Avenue, katika Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931. Maktaba hiyo imo mikononi mwa kaunti, nayo ina sheria yake mahususi iliyopitishwa na Bunge. Sheria haikuizuia kuchakaa. Paa na rafu zilidhoofika kwa miaka mingi. Lakini jengo halikubomolewa wala kiwanja chake katikati ya jiji, chenye thamani kuliko kile cha Muthaiga, hakikugawanywa. Asasi ya Book Bunk ilipojitokeza kushirikiana na kaunti katika ukarabati wa maktaba hiyo na matawi yake, ilikuta bado kuna kitu cha kukarabati.

Kinachotakiwa basi ni sheria ya kaunti inayounda bodi ya wadhamini wa sanaa ya jiji, hata kabla ya jengo kupatikana. Tabia ya kuanza na jiwe la msingi na utepe ni ugonjwa wa kale. Wadhamini wasiwe wateule wa gavana pekee: wasanii wachague wao, vyuo vikuu vilete wao, na wakazi wa mitaa kama Mutuini na Kawangware wawe na viti visivyokuwa vya mapambo. Mkurugenzi apatikane kwa ushindani wa wazi na awe na muhula wenye kikomo. Kazi ya sanaa ikishaingia, isitoke kwa kuuzwa wala kwa zawadi ya mgeni wa heshima. Kisha daftari la vitu vyote lichapishwe kila mwaka, ili kitu kikitoweka ijulikane ni kipi.

Daftari hilo liandikwe kwa Kiswahili. Hapa ndipo wasomaji wa jarida hili wanapohusika moja kwa moja. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ilhali maelezo mengi yanayobandikwa kando ya kazi za sanaa jijini ni ya Kiingereza. Mwaka 2022 taasisi ya NCAI, iliyoasisiwa na mchoraji Michael Armitage, iliwaonyesha wakazi wa Nairobi maonyesho yaliyoitwa Mwili, Akili na Roho, baada ya kuonyeshwa Ujerumani na Uingereza. Jina lilisafiri na kurudi likiwa Kiswahili kizima. Inashangaza kwamba idara za Kiswahili, zenye wataalamu wa istilahi na wa tafsiri, hazijaandaa hata orodha fupi ya istilahi za uchoraji na uchongaji ambayo mhifadhi angeweza kuichukua na kuitumia. Mdhamini asiyeweza kusomewa orodha ya vitu katika lugha anayoielewa atatia sahihi tu.

Kaburi la Murumbi liko City Park, mahali alipotaka ili awe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965. Kandokando yake zimewekwa sanamu kwa ukumbusho wake. Bustani hiyo nayo imewahi kumegwa na wanyakuzi wa ardhi, na inasimamiwa na kaunti. Orodha ya kwanza ya bodi hiyo ingeweza kuanzia hapo, kwa kuzihesabu sanamu hizo moja baada ya nyingine.