Chatu mchanga apewe joto kabla ya panya

JICHO LA JUMAMOSI
Na Hamisi Mwakanjuki

Kumlisha nyoka kwa nguvu ni kazi ya daktari wa wanyama, na hata yeye huifanya akiwa ameishiwa njia. Nalisema hilo mapema kwa sababu wasomaji walioko ughaibuni, hasa wazazi wa watoto waliozaliwa huko, wameanza kuniletea maswali ambayo babu zetu wangeyaona kichaa: mtoto kanunuliwa chatu, chatu hataki kula, tufanyeje? Wa karibuni kabisa ni mpwa wangu aliyeko Columbus, Ohio. Aliniamkia vizuri, akamuulizia bibi yake, kisha akatua mzigo: "Mjomba, nyoka wangu anakonda. Kila panya ninayempa anamgeuzia uso. Mama anasema nimfungue mdomo nimtie."

Huyo mama ni dada yangu, namjua. Kwake yeye kiumbe asiyekula ni kiumbe anayedeka, na dawa ya kudeka ni kijiko. Ndivyo alivyowalea wanawe, na wote wamenawiri. Lakini nyoka hadeki.

Anayezungumzwa hapa ni yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, anayejiviringa duara na kuficha kichwa katikati akiogopa. Si chatu wetu wa huku anayemeza swala. Huyu mara nyingi hazidi mita moja na nusu akishakua. Makazi yake ya asili yanaanzia Senegal, yanapita Ghana, Togo, Benin na Nigeria, hadi kufika kaskazini-magharibi mwa Uganda. Biashara yake imejengwa Ghana, Togo na Benin: watu huchimbua majike wenye mayai kwenye mashimo ya panya na vichuguu, mayai yakaanguliwa kwenye mashamba ya kufugia, kisha makinda hupandishwa ndege kwenda Marekani na Ulaya. Wengine siku hizi huzalishwa hukohuko Marekani.

Kinda akitoka kwenye yai huwa na gramu 50 hadi 80 hivi, na tumboni ana akiba ya kiini cha yai. Akiba hiyo humfikisha mpaka ajivue gamba kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo njaa inapomshika. Na mara nyingi hapo ndipo anapokuwa ndani ya kopo la plastiki, safarini au kwenye rafu ya duka.

Nilimwomba mpwa wangu anipigie picha ya makazi ya nyoka, siyo ya nyoka mwenyewe. Picha ilijibu nusu ya swali. Tangi kubwa la kioo, limewekwa sebuleni kando ya televisheni, taa nyeupe juu yake, tawi moja, bakuli la maji, basi. Porini chatu huyu hushinda mchana kutwa ndani ya kichuguu au shimo la panya. Humo mna giza, mna unyevu, pamebana, na joto haliyumbiyumbi. Akihisi ukuta ubavuni pande zote ndipo anapotulia. Ukimweka peupe, anajiona yeye ndiye windo, na windo haliwindi.

Halafu joto. Upande mmoja wa tangi unatakiwa uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa pili 25 hadi 27, ili nyoka achague mwenyewe. Unyevu wa hewa uwe asilimia 60 hivi. "Joto lipo, Mjomba," aliniambia. Kumbe alikuwa amelipima kwa kiganja. Alipopata kipimajoto chenye waya na kukiweka pale nyoka anapolala, ule upande wa moto ulisoma 26. Ohio wakati wa baridi, na nyumba ambayo watu wake wanavaa sweta ndani!

Hapo ndipo ninapogombana na ushauri wa dada yangu. Nyoka hatengenezi joto la kumsagia chakula, hulitafuta nje. Ukimtia panya mdomoni akiwa kwenye baridi, panya anaweza kuoza tumboni kabla ya kusagwa, na nyoka atamtapika. Kutapika huko kunamgharimu maji na nguvu zaidi ya kile ambacho mlo ungempa, na baada yake inabidi tumbo lipumzishwe wiki mbili hivi kabla ya kujaribu tena. Umeitaka gramu moja, umepoteza tano.

Kusaga chakula kwenyewe ni gharama kwa chatu. Miaka ya 1990, watafiti Stephen Secor na Jared Diamond waliwachunguza chatu wa Burma wakaona kwamba utumbo wa nyoka aliyekaa bila kula hunywea, na akishameza windo hujijenga upya hadi kukaribia uzito maradufu kwa muda mfupi. Mwili mzima hufanya kazi kwa kasi. Baada ya mlo mkubwa mno, matumizi yake ya nguvu yaliweza kupanda zaidi ya mara 40. Maana yake ni kwamba nyoka hulipa kwanza ndipo apate faida. Aliyekonda hana cha kulipia mlo mkubwa. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii, akianza kula, hupewa windo dogo kuliko la kawaida yake, na akaongezewa polepole. Kumfidia kwa panya mnene baada ya njaa ndefu kunaweza kuvuruga chumvichumvi za damu na kumuua akiwa ameshiba.

Kuna jambo jingine linalowapumbaza wafugaji. Mwaka 2007 Marshall McCue, akiwa Chuo Kikuu cha Arkansas, alichapisha utafiti wa nyoka waliokaa takriban miezi sita bila chakula, chatu hawa wadogo wa Afrika Magharibi wakiwemo. Baadhi yao walipunguza matumizi ya nguvu mwilini kwa hadi asilimia 72. Na wakati wanakonda, waliendelea kurefuka! Basi usiniambie "lakini anakua, Mjomba". Futi haina habari. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, mpime mara moja kwa wiki, siku ileile, uandike. Mtazame pia kwa macho: uti wa mgongo ukichongoka na ngozi ikafanya mikunjo ubavuni, amekonda. Macho yakizama, ana kiu, na kiu hutibiwa kabla ya njaa.

Chatu mzima mwenye mafuta anaweza kugoma kula kwa miezi, hasa msimu wa kuzaana, na asipungukiwe na kitu. Kinda hana akiba hiyo. Kwa hiyo simwambii mtu akae tu akisubiri. Ninachosema ni kwamba wiki ya kwanza itumike kutengeneza nyumba, na nyoka asiguswe. Hakuna kumtoa kuwaonyesha wageni, hakuna kumvisha shingoni kwa ajili ya picha. Ahamishiwe kwenye sanduku dogo la plastiki lenye matundu, lenye maficho mawili yanayombana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, na maji safi. Sanduku lifunikwe kitambaa. Joto lidhibitiwe na themostati, maana mkeka wa umeme usio na kidhibiti huunguza tumbo la nyoka naye asijitoe.

Baada ya hapo chakula kiletwe usiku. Panya aliyegandishwa ayeyushwe taratibu, kisha apashwe moto ndani ya maji mpaka mwili wake ufikie nyuzi 38 hivi, akaushwe. Chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto. Panya wa baridi kwake ni kama jiwe. Mshike panya kwa koleo refu, mtikise kidogo mlangoni mwa maficho, kisha mwache hapo, zima taa, nenda kalale. Akikataa, usirudie kila siku. Ngoja siku tano au zaidi. Wapo makinda wanaoanza baada ya panya kupakwa harufu ya kifaranga, na hilo lina sababu: porini chatu wadogo wa aina hii hula ndege sana, hasa makinda yao. Macho yakiwa yamefunga ukungu, yuko karibu kujivua gamba. Mwache mpaka amalize.

Panya hai? Wengi hukimbilia huko, na ni kweli baadhi ya makinda huamshwa na kitu kinachotembea. Lakini panya hai aliyeachwa usiku kucha na nyoka dhaifu atamng'ata, na nyoka aliyechoka hajitetei. Kama ni lazima, kaa hapo utazame, na mtoe panya baada ya dakika chache.

Kule Ouidah, nchini Benin, lipo hekalu la chatu hawahawa, limeelekeana na basilika ya Kikatoliki. Nyoka wake huheshimiwa, na huachwa watoke kwenda kujitafutia windo. Waumini wa hekalu hilo wangeshangaa kusikia kuna mtu anamkaba chatu mdomo ili ale.

Hatari ya kumkaba si hadithi. Tundu la pumzi la nyoka liko mbele, sakafuni mwa mdomo. Chakula kinaweza kumpalia, fizi zikachanika, koo likajeruhiwa. Daktari anayejua nyoka anaweza kutumia mrija laini na chakula cha majimaji, na ataanza kwa kumwongezea maji. Atatafuta pia yale ambayo joto na maficho hayaondoi: minyoo, utitiri chini ya magamba, vidonda vya mdomo, nimonia. Nyoka aliyetolewa porini au shambani huja na mizigo hiyo mara kwa mara. Si kila daktari wa mbwa anaiweza kazi hii. Walioko Marekani watafute kupitia ARAV, chama cha madaktari wa wanyama watambaao na amfibia. Kinda akipungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, au akipumua mdomo wazi, au akitoa povu, asisubiri wiki nyingine.

Na nyinyi wa huku mnaosoma na kutamani, tulieni. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, Tanzania ina yake ya mwaka 2009. Kumchukua chatu kichakani na kumfuga bila kibali ni kosa.

Nyoka wa mpwa wangu kala juzi, panya mchanga asiye na manyoya. Mlo mmoja haujamponya, ataendelea kupimwa. Lakini ninayemlaumu si mtoto wala mama yake. Ninamlaumu aliyewauzia kinda ambaye hajawahi kula, akachukua dola zao na kuwaachia kazi iliyokuwa yake. Muuzaji mwaminifu humkalia kinda mpaka ale milo kadhaa mfululizo kwa hiari, na humkabidhi mnunuzi maandishi ya tarehe, aina ya windo na uzito. Maandishi hayo yawe sharti la kuuza. Mpaka yatakapokuwa hivyo, ewe mzazi uliyesimama dukani na mtoto anakuvuta shati, omba umwone nyoka akila mbele yako. Muuzaji akikataa, rudini nyumbani na pesa zenu.