Jani la Muhogo Toa, Jina Lako Uliza Kwanza



Swali ninaloulizwa sana siku hizi si la mbolea wala mbegu. Ni hili: "Bwana shamba, wamekuja wanafunzi wa chuo, wanapiga picha muhogo wangu, wanataka jina, namba ya simu, ukubwa wa shamba na bei niliyouzia. Niwape au nisiwape?"

Jawabu yangu fupi: jani wape. Hayo mengine uliza kwanza.

Kwa nini jani? Wengi wenu mnayo simuni programu ya Nuru, ile ya PlantVillage. Unaielekeza kwenye jani la muhogo, inakwambia kama ni batobato, michirizi ya kahawia au utitiri wa kijani. Ni ya bure, inasema Kiswahili, na inafanya kazi hata pale ambapo bando limekwisha. Programu hii inahusishwa na Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya IITA, lakini picha za mwanzo zilizofundisha kompyuta kuujua muhogo mgonjwa zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Ukisimama hapa Malindi bandarini ukatazama bara, ni ng'ambo ile tu. Utafiti wake ulichapishwa 2017 kwenye jarida ambalo mtu yeyote analisoma bila kulipa.

Kampala walikwenda mbali zaidi. Chuo Kikuu cha Makerere na watafiti wa mazao wa NaCRRI walikusanya picha 21,367 za majani ya muhogo, na nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe katika mashamba yao. Mwaka 2020 picha hizo ziliwekwa wazi kwenye mashindano ya mtandao wa Kaggle, wataalamu wa kompyuta wa dunia nzima wakagombania nani atatambua ugonjwa vizuri zaidi. Timu zaidi ya 3,000 ziliingia. Fikiria mkulima wa Uganda angekataa kupiga picha, au chuo kingezifungia kabatini. Sisi huku Unguja tusingefaidi kitu.

Na faida ipo, msidhani ni mapambo ya simu. Utafiti uliochapishwa 2020 uliipima Nuru shambani. Kwa jani moja ilipatia asilimia 65. Wakulima walipatia kati ya 18 na 31. Maafisa ugani, yaani sisi tunaokuja na kofia na daftari, kati ya 40 na 58. Haya, chekeni, mmalize, tuendelee. Lenye maana kwa mfuko wako ni kwamba ukipima majani sita kwa mmea mmoja, Nuru inapanda mpaka kati ya 74 na 88. Kwa hiyo usipime jani moja ukang'oa shamba.

Sasa tuje kwenye hayo mengine. Kompyuta inayojifunza batobato haihitaji kujua unaitwa nani, wala namba yako, wala uliuza polo kwa shilingi ngapi. Inahitaji jani. Nyinyi mnalima biashara. Jina, simu, pahala shamba lilipo, ekari, tarehe ya kuvuna na bei, vikikaa pamoja katika karatasi moja, hicho ni kitabu chako cha biashara. Mchuuzi akikipata anajua siku gani una mzigo mwingi na haja ya pesa, na atakuja siku hiyo hiyo na bei yake. Dalali wa viwanja akikipata anajua shamba lipi halikufanya vizuri mwaka huu, hasa kule pwani ya mashariki. Mtafiti anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini karatasi ikishaingia kwenye mtandao haiangalii wema wa aliyeiandika.

Kuna jambo dogo vijana hawalijui. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake pahala ilipopigwa, mpaka mtu akafika kwenye shimo lako la mbolea. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kuhifadhi mahali kabla ya kupiga. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hiyo huondolewa. Ukiituma kama faili, inakwenda nayo.

"Lakini bwana shamba, si kuna sheria?" Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inataka mtu aambiwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Ila kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Kilimo si la Muungano. Elimu ya juu na utafiti vimo kwenye orodha ya Muungano. Mwanafunzi wa chuo akiwa katikati ya konde lako la muhogo yuko upande gani? Hapo nawaachia mawakili, maana wao hulipwa kwa maswali kama haya. Wewe usisubiri jawabu lao ndipo ufungue mdomo.

Muulize mgeni wako: jina langu unalitakia nini, na unaweza kuniandika kwa namba tu? Nani mwengine ataona? Matokeo yatarudi kwangu lini, kwa Kiswahili? Na kitakachotengenezwa kwa majani yangu, nitakipata bure au nitakuja kuuziwa? Mtafiti wa kweli hakasiriki akiulizwa hivyo. Akikasirika, mpe maji ya kunywa, mwambie kwaheri.

Wapo wanaosema tufunge kabisa, wazungu wasichukue chetu. Mimi sikubali. Aina za Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama zilizotolewa hapa Zanzibar 2007, zinazovumilia michirizi ya kahawia, zilipatikana kwa sababu wakulima waliruhusu watafiti kuingia mashambani. Ukifunga mlango kwa hasira, ugonjwa haubishi hodi, unaingia tu na mbegu ya jirani.

Kabla ya kukata mbegu za vuli, pita kwenye mimea yako na Nuru, majani sita kila mmea. Michirizi ya kahawia huonekana zaidi kwenye majani yaliyokomaa, ya chini, kwa hiyo usiishie kwenye vilele. Mmea ulioguswa usikate mbegu yake, wala usimpe mtu.