Kitabu cha Aljebra kwa Mtoto Asomaye Nyumbani

Leo nataka kuwaeleza kosa langu mimi mwenyewe, maana limempotezea mama mmoja wa hapa Chato shilingi 15,000, nazo alizipata kwa kuuza kuku.

Mama huyo ana binti wa miaka 17, aliyeacha masomo kidato cha kwanza alipopata mtoto. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wasichana wa namna hiyo kurudi shuleni. Lakini shule iko mbali nao, na kichanga bado kinanyonya. Basi wakakata shauri binti asome nyumbani, afanye Mtihani wa Maarifa, ule tuuitao QT, ambao ni wa masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Akishinda huo, aweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mama akanijia ofisini. "Mwalimu," akasema (huniita hivyo kwa sababu nilisoma chuo cha ualimu, ingawa kazi yangu sasa ni kuandika vyeti vya ubatizo), "tununue kitabu gani cha hesabu?" Siku ile watu walikuwa wengi mlangoni. Nikamjibu, "Nunua cho chote cha hesabu za sekondari, mama. Vyote ni sawa."

Si sawa hata kidogo. Alinunua kitabu cha mitihani iliyopita pamoja na majibu yake. Binti alikikalia miezi mitatu usiku na mchana, na mama akafurahi kuona daftari limejaa. Siku moja nikapita kwao nikampa hesabu hii: sado tatu za dagaa pamoja na nauli ya shilingi 3,000 ni jumla ya shilingi 18,000, sado moja ni bei gani? Akajibu upesi: 5,000. Vema. Nikabadili kitu kimoja tu, jumla iwe 24,000. Akafikiri kidogo, akaandika tena 5,000.

Hapo nikaona aibu. Mtoto hakuwa mjinga, bali kitabu kilikuwa kimemfundisha majibu, nayo aljebra si majibu. Ni njia ya kulifikia jambo usilolijua kwa kushika lile unalolijua. Neno lenyewe latokana na Kiarabu, al-jabr, yaani kurudisha kitu mahali pake, nalo lilitumiwa na al-Khwarizmi, mtaalamu wa Baghdad, katika kitabu chake cha miaka ya 820 hivi. Yeye hakutumia herufi x wala y. Alieleza yote kwa maneno, tena kwa mambo ya watu, kama vile kugawa urithi.

Basi, mzazi, ukienda dukani usitazame jalada. Fungua kitabu katikati, mahali penye hesabu kama ile ya dagaa. Je, kimeonyesha kila hatua? Kwanza toa 3,000 pande zote mbili, zibaki sado tatu kwa 21,000. Kisha gawa kwa tatu pande zote mbili, upate 7,000. Kama kinaruka kutoka swali hadi jibu, kirudishe. Kisha hesabu mazoezi. Baada ya kila fundisho yawe mengi, yakianza na mepesi na kuzidi ugumu polepole. Majibu yawe nyuma ya kitabu, na karatasi hizo mzazi azibane kwa uzi. Hata wewe usiyejua aljebra waweza kulinganisha namba na namba.

Vitabu vya kizamani vina sifa hizi mara nyingi, nami navipenda, lakini chunga. Vingine vina maili na ratili. Na si kila cha zamani kilifundisha kwa mtindo wa kizamani. Mwaka 1962 walikutana Entebbe wataalamu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza, wakaanza kutunga vitabu vya "hisabati za kisasa", ambavyo viliwaingiza watoto katika mambo ya seti mapema sana. Ukikutana na kitabu cha jamii hiyo katika sanduku la babu, kiache kipumzike.

Tena kuna jambo la mtaala. Mtaala mpya umeanza kutumika, kwa hiyo kabla ya kutoa fedha uliza kituoni mtakapojiandikisha mtihani utafuata upi. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimo katika maktaba yake ya mtandaoni, na mwenye simu ya kupangusa aweza kuvitazama kwanza.

Lakini yule binti hatukumwanzisha hapo. Vitabu vya sekondari ni vya Kiingereza, na yeye alikuwa akipigana na lugha na hesabu kwa pamoja. Tuliazima kitabu cha Hisabati cha darasa la saba kwa jirani, bila kulipa hata senti. Ndani yake mna aljebra kwa Kiswahili. Alilia kidogo alipokiona, akidhani tunamrudisha utotoni. Nikamwambia kwamba kwa miaka mingi wanaoshinda hisabati kidato cha nne hawafiki theluthi ya watahiniwa, na wengi wao waliteleza hapo hapo, kwenye mabano na alama ya kutoa.

Sasa yuko kwenye mabano. Kila jioni hufanya mazoezi kumi mtoto akilala, na mama hukaa kando na majibu, akisema tu "sawa" au "rudia". Kile kitabu cha shilingi 15,000 nimekifungia kabatini ofisini. Atakipata Oktoba, ajipime nacho.